Maji Machafu ya Mama Msafiri

Mtaani Kirumba ilisemwa kwamba ukipeana mkono na Sada asubuhi, kiganja chako kitanukia sabuni mpaka adhuhuri. Ulikuwa utani, lakini haukutiwa chumvi nyingi. Kwa mambo ya usafi mwanamke yule hakuwa na dogo. Alifagia uwanja kabla ya chai, akaufagia tena baada ya chai, na kuku wa jirani aliyethubutu kupita kati ya mifagio hiyo miwili alikiona cha mtema kuni, yeye pamoja na mwenye kuku. Kwa miaka ishirini alikuwa akipika vitumbua na kuwauzia wasafiri wa Sengerema waliosubiri pantoni, na wapo waliokuwa radhi kuvuka na njaa kuliko kununua vya mwingine, maana vya Sada havikuwahi kukutwa na unywele wala chembe ya mchanga. Wengi walimwita Mama Msafiri, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi reli kule Tabora, na jina hilo lilijulikana pande zote mbili za maji. Alijua hivyo, alijivunia, nami sioni kwa nini asingejivunia.

Mumewe, Bilali, alikuwa fundi wa vioo. Madirisha mengi ya mjini Mwanza yalipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kurudi kumlalamikia kwamba mvua inapenya. Mwezi wa pili mwaka wa sabini na tatu alipigwa na kiharusi akiwa juu ya ngazi anapima dirisha la mtu, kikamchukua upande wote wa kulia. Baada ya wiki kadhaa mdomo ulirudi, akawa anasema maneno yanayosikika ingawa polepole. Mguu nao ulirudi kidogo, wa kumfikisha mlangoni kwa kushikwa. Mkono wa kulia haukurudi.

Hapo ndipo lilipoanza lililomtesa Sada. Mkono uliobaki ulikuwa wa kushoto, na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za mjini, mkono wa kushoto una kazi zake msalani, na sinia la chakula si miongoni mwa kazi hizo. Shehe alikuja kumwona, akamwambia waziwazi kwamba mgonjwa hana lawama, ale kwa mkono alio nao. Bilali aliitikia kwa adabu. Alijaribu siku moja tu. Wali ukamwagika kifuani, na Sada, kwa wema wake wote, akakimbia na kitambaa akamfuta kidevu, akamfuta mkono, akachukua kijiko akamlisha mwenyewe kama anavyolishwa mtoto. Kuanzia siku hiyo akawa analishwa. Akipata vijiko vitatu au vinne husema, "Basi, Mama Msafiri," kisha anageukia ukuta.

Akawa anautazama ukuta kutwa nzima. Sada akaupaka chokaa upya, akidhani labda ukuta wenyewe ni mchafu. Akamwogesha mara mbili kwa siku, akambadilisha shati mara tatu, akawazuia wageni mlangoni mpaka mgonjwa apate nafuu na awe wa kutazamika. Bilali alizidi kukonda na kunyamaza. Sada hakuwa akiomba mkono upone, wala hakuomba mume arudi kwenye ngazi. Alitaka ageuke tu, autazame mlango, ale ashibe.

Stooni kulikuwa na tangi la samaki, sanduku la vioo vinene lenye fremu ya chuma, maungio yake yamezibwa kwa lami. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoimaliza Bilali. Mwenye duka mmoja aliliagiza kwa ajili ya sebule yake, halafu akahama nchi kabla ya kuja kulichukua. Asubuhi moja Sada alilitoa, akaliosha kwa sabuni ya unga, akalisuuza mara saba, akaliweka juu ya meza kando ya kitanda cha mumewe. Akaokota kokoto ufukweni, akazisugua, kisha akazichemsha. Ndiyo, alizichemsha, kwa sufuria ileile ya maharage. Akajaza maji ya bomba mpaka juu, meupe yasiyo na doa, akaenda na ndoo mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kumwomba mvuvi furu watatu wazima. Mvuvi alimcheka, kwa kuwa furu ni visamaki ambavyo watu huvitaka kwa kukaanga tu, lakini alimchagulia madume, wawili wa buluu na mmoja mwenye mapezi mekundu.

Bilali aligeuka. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Yule mwekundu ana dharau." Ilikuwa kauli yake ya kwanza kwa mwezi mzima isiyohusu maumivu wala kushiba. Sada alikwenda jikoni akalia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Siku ya tatu mwekundu alikuwa anahema juu juu, mdomo umetoka nje ya maji. Siku ya tano wote watatu walikuwa wameelea matumbo juu. Bilali akarudi ukutani.

Sada hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Aliona wazi kwamba kosa ni uchafu, basi akafunga kibwebwe. Mara ya pili alisugua vioo kwa brashi na dawa ya chooni, akachemsha kokoto upya, na kila asubuhi akamwaga maji yote na kutia mapya. Samaki waliishi siku nne. Mara ya tatu alileta sita, na kwa hawa Bilali hakugeuka mpaka alipobembelezwa. Walipokufa watano, alisema bila hasira, akiutazama ukuta, "Usiniletee wengine, Mama Msafiri. Nimechoka kuwazika."

Chumba cha uani alikuwa amepanga msichana mmoja wa Kihaya, Bernadetta Kahigwa, binti wa mwalimu wa Kilutheri kutoka Kagera, aliyekuwa akifanya kazi ya kupima maji katika maabara ya samaki. Alikuwa mpole, hana maneno mengi, na Sada alimpenda kwa sababu alifua mapazia yake kila mwezi. Jioni ile alimkuta Sada bombani amechuchumaa, anasugua kokoto moja moja kama anayesafisha meno ya mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaniona? Nimeua tena."

"Mawe hayo unayasugua yana nini?"

"Yana utelezi. Kila nikiyaosha, baada ya siku mbili utelezi umerudi."

"Huo utelezi ndio ungewaponya samaki," Bernadetta alisema.

Sada aliinua macho kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa.

Kesho yake, kwa ruhusa ya mkubwa wake wa kazi, Bernadetta alikuja na chupa mbili ndogo za dawa na vichupa vyembamba vya kioo. Alichota maji ya tangi, ambamo furu wa sita alikuwa bado anahema, na akachota pia maji ya ziwa yaliyokuwa kwenye ndoo, yale yenye rangi ya vumbi. Akadondosha dawa ya chupa ya kwanza katika vyote viwili. Maji meupe ya tangi yakageuka manjano, manjano ya mkojo wa mtu mwenye homa. Maji ya ziwa hayakugeuka chochote.

"Sumu iko kwenye yapi?" Sada aliuliza, ingawa jibu lilikuwa mbele ya macho yake.

"Kwenye masafi, mama."

Akamweleza polepole, huku wote wawili wamekaa mkekani na Bilali yupo kitandani amewapa mgongo. Samaki hujisaidia mle mle anamoishi, kwa kuwa hana pengine. Haja ile inageuka kuwa amonia, ambayo ndiyo ile harufu ya nepi iliyosahauliwa kwenye beseni, nayo inamuunguza samaki mashavu mpaka ashindwe kupumua. Ziwani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwenye utelezi wa mawe. Vya kundi la kwanza hula amonia, lakini vinaacha sumu ya pili. Vya kundi la pili hula hiyo sumu ya pili na kuacha kitu kisichomdhuru samaki, ambacho ni kama mbolea, na majani ya majini hukila. Ukisugua mawe, umefukuza makundi yote mawili. Na maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, dawa njema kabisa kwa mnywaji, lakini mle ndani inawaua wafanyakazi.

Sada alikitazama kile kichupa cha manjano. "Kwa hiyo nimekuwa nikiwafulia mpaka wanakufa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwa siku thelathini na kitu, usifanye lolote."

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa ushauri wa raha. Kwa Sada ulikuwa mzigo wa gunia. Lakini aliona ule mgongo wa mumewe kitandani, akapiga moyo konde. Furu wa sita wakamrudisha ziwani. Wakaleta mawe kutoka majini, yana utelezi wake wote, hakuna kuosha. Wakatia konzi mbili za mchanga wa ufukweni na majani ya majini yenye mizizi. Maji ya bomba yalikaa kwenye ndoo wazi kwa siku mbili ili ile dawa ipotee. Kila siku wangesaga dagaa mmoja na kumtupia mle, kana kwamba samaki wapo, ili vijidudu vipate cha kula. Juu wakafunika kipande cha chandarua, mbu wasije wakataga.

"Kuna jambo moja," Bernadetta alisema. "Vijidudu vinapumua kama sisi. Lazima maji yapigwe hewa. Unachota kwa kikombe, unamimina kutoka juu, mara mia asubuhi, mara mia alasiri."

Sada alisema hana nafasi hiyo, na ni kweli hakuwa nayo, kwa sababu ambayo nitaieleza sasa hivi. Bernadetta akatazama kitandani.

"Mzee yuko karibu na meza. Mkono wake unafika."

"Mkono wa kushoto ule," Sada alinong'ona.

"Ni maji tu, mama, na si ya kunywa."

Kitandani kichwa kikageuka kutoka ukutani. Kisha Bilali akasema, "Nipeni kikombe."

Alikuwa na ujuzi wa miaka thelathini katika mikono yake, lakini wote ulikuwa wa kulia. Kikombe cha bati kilitetemeka, nusu ya maji ikaingia tangini na nusu ikaenda kwenye shuka na sakafu. Sada alishaunyoosha mkono kuchukua kitambaa. Bernadetta akamshika kiwiko, kwa heshima, akamtoa nje.

Sasa ile sababu. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya afya. Redio zilifunguliwa barazani, watu wakakaa katika vikundi kusikiliza habari za choo, za maji ya kunywa na za mbu, kisha wakajadili na kwenda kutenda. Nyumba kumi zao zilipotaka mwenyekiti wa kikundi, hakuna aliyejisumbua kupiga kura. Sada alipewa daftari lenye safu mbili, moja ya nyumba safi na nyingine ya nyumba chafu, na kila mkutano alisimama akalisoma mbele ya watu wote. Nyumba safi ilipewa cheti cha kubandika mlangoni. Cheti cha kwanza kabisa kilikuwa cha kwake. Alilifanyia kazi lile daftari bila msalie mtume. Wiki mbili kabla alimwaga beseni la bata la jirani yake Getruda, kwa kosa la maji yaliyosimama, na bata waliandamana nyuma yake mpaka barabarani wakipiga kelele.

Siku ya kumi na moja ya tangi, balozi wa nyumba kumi, Mzee Ngosha, alifika kukagua. Ngosha alikuwa Msukuma wa Magu, mtu mzima mtaratibu aliyewahi kuendesha malori ya pamba, na hakuruka nyumba yoyote, hata ya mwenyekiti. Aliinama mbele ya tangi. Maji yalikuwa ya kijani hafifu, mawe yamevaa ukungu wa kahawia, na harufu ilikuwa ya matope.

"Mama Msafiri, hiki ni nini?"

"Tangi la samaki, mzee."

"Samaki wako wapi?"

"Bado hawajaja."

Ngosha alilitafakari jibu hilo. "Na maji yamesimama siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Bata wa Getruda yao yalisimama siku moja," Ngosha alisema, bila ubaya.

Bernadetta aliitwa akaeleza. Ngosha alisikiliza vizuri, akaomba aelezwe tena habari ya sumu ya pili, akakubali kwamba ina akili. Lakini alisema yeye hawezi kusimama mbele ya watu akawaambia kwamba maji mabovu ya mwenyekiti yana elimu na ya Getruda hayana. Sada akitia samaki wakaishi, tangi litahesabiwa kama bwawa, na nyumba itarudi kwenye safu ya wasafi. Kabla ya hapo, ama ayamwage, ama ajiandike chafu. Mkutano ulikuwa kesho kutwa.

Alipoondoka, Sada alichukua ndoo akasimama mbele ya tangi. Sitaki kumfanya malaika, alitaka kumwaga. Miaka ishirini ya vitumbua ilikuwa ndani ya jina lile, na jina lilikuwa kitu pekee alichokipata kwa jasho lake mwenyewe bila kuchangia na mtu. Bilali alikuwa anapiga maji hewa, anahesabu kwa sauti ndogo. Sitini na moja. Sitini na mbili. Akasimamisha kikombe.

"Mwaga tu, Mama Msafiri. Usijitie aibu kwa ajili yangu."

Alilisema hilo akimtazama usoni. Hapo Sada akagundua kwamba tangu apewe kikombe mumewe hajageukia ukuta mchana hata siku moja, na yeye kwa kuhangaika na harufu hakuliona. Akaiweka ndoo chini.

Kwenye mkutano alisoma nyumba safi kwa sauti yake ya kawaida. Halafu akasoma chafu. "Nyumba ya Bilali na Sada. Maji yaliyosimama." Hata aliyekuwa anabembeleza mtoto akaacha.

"Soma tena hapo mwisho, mama," Getruda alisema kutoka nyuma. "Sikusikia vizuri."

Akasoma tena. Ndipo wakacheka, na walicheka kweli, wakifutana machozi. Mtu mmoja akauliza kama vitumbua vya kesho vitakuwa na samaki ndani. Getruda akasema bata wake wanaleta salamu za pole. Sada alisimama pale na daftari mpaka wakachoka, uso unamuwaka. Kisha akaenda nyumbani akakibandua cheti mlangoni kwa mkono wake. Iliuma, na alipoingia ndani alimwambia mumewe kwamba imeuma. Siku ile Bilali alipiga maji mara mia nyingine, juu ya zile mia mbili za kila siku.

Manjano ilizidi mpaka siku ya kumi na tatu, kisha ikaanza kupungua, na dawa ya chupa ya pili ikaanza kuonyesha waridi, ambayo ni sumu ya pili. Waridi ilikaa. Kila jioni Bernadetta alidondosha, na kila jioni ilikuwa waridi ileile ya kanga ya harusi. Bilali aliomba afundishwe. Baada ya siku chache akawa anashika kichupa kwa vidole vya kushoto, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akikagua kioo kama kina mkwaruzo. Sada alijikaza kisabuni. Aliosha kila kilicholizunguka tangi, meza, kitambaa cha meza, miguu ya meza, na tangi lenyewe hakuligusa. Alijisoma tena chafu kwenye mkutano wa pili, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

"Mama Msafiri, njoo uone," Bilali aliita alasiri moja, siku ya thelathini na mbili. Kichupa kilikuwa cheupe. Bernadetta alisema wangoje, labda ni bahati. Siku ya pili, cheupe. Siku ya tatu, vyeupe vyote viwili. Sada alitazama ukungu wa kahawia juu ya mawe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akauona uchafu akaufurahia.

Wakatia furu wawili. Wiki ikapita, wakala, wakagombana, wakachimba mchanga. Wakaongezwa wawili wengine, dume mmoja mwenye mapezi mekundu. Kila Jumamosi Sada alitoa ndoo moja ya maji ya zamani na kutia ndoo moja ya yaliyolala siku mbili, si zaidi, na baada ya hapo aliondoka chumbani upesi kabla mikono haijamwasha. Bilali alikuwa ananenepa kidogo. Vijiko vilifika kumi, siku nyingine kumi na tano. Lakini vilikuwa bado vijiko, na mshikaji wake alikuwa bado Sada.

Ijumaa moja, baada ya swala, Ngosha alikuja kukagua upya kama alivyoahidi. Alikaa kwenye kiti mbele ya tangi akawatazama furu kwa muda usio wa ukaguzi. Akataka kujua yule mwekundu anawafukuza wenzake kwa nini, na Bilali akamweleza, na kutoka hapo wakahamia kwenye malori na madirisha. Tangu siku ya shehe, alikuwa mgeni wa kwanza kukaa na kuzungumza na Bilali. Shati la Bilali lilikuwa limelowa kifuani kwa maji ya kikombe. Sada aliliona, akaliacha hivyo hivyo.

"Nyumba hii ni safi," Ngosha alisema mwishowe, na akacheka. "Mwambie Getruda nimeona kwa macho yangu. Naye beseni lake nitalitazama vizuri."

Ilikuwa saa ya chakula na mgeni haondoki na njaa. Sada akaleta sinia la pilau kwa ajili ya Ngosha, na kando yake sahani ndogo ya Bilali na kijiko. Mgeni alishuka mkekani, naye akamnawisha. Alipotaka kukaa na kijiko chake, Bilali alisema, "Rudisha hicho."

"Utakulaje?"

"Ninawishe."

Akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya beseni. Sada alisimama na birika, anamtazama, halafu akammiminia maji. Bilali akajisogeza mpaka ukingo wa kitanda, akauingiza mkono ule kwenye sinia. Nusu ya tonge ilifika mdomoni. Nusu ilimwagika mkekani.

Mkono wa Ngosha ulikuwa umesimama hewani. Hakuwa mtu wa dharau, na wala hakuurudisha nyuma, lakini haukushuka, na Bilali aliuona. Uso wake ukaanza taratibu kuelekea upande wa ukuta.

Sada aliweka birika chini. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kula sinia moja na mgeni mwanamume. Alivuta kanga, akakaa mkekani kati yao wawili, akanawa, akachota pilau pale pale palipotoka mkono wa mumewe, akala. Akachota tena.

"Imekolea chumvi?" akamuuliza Bilali, akitafuna.

Bilali alimtazama. "Kidogo mno," alisema, na mkono wake ukarudi kwenye sinia. Wa Ngosha ukafuata. Wakala, na kila tonge la Bilali liliacha njia ya wali kutoka siniani mpaka kitandani. Kitambaa cha kumfutia kilikuwa begani mwa Sada. Kilikaa pale pale mpaka mumewe aliposema ameshiba.